Bastola ya Mjomba

Mjomba wangu alitaka kununua bastola ya dola 6,800, akaniomba nimsaidie kuchagua fundi wa kuitengeneza. Akaniomba mimi, ambaye sheria za Marekani haziniruhusu hata kuishika.

Nianze na hilo la sheria. Niko Texas kwa viza ya mwanafunzi, nasoma shahada ya uzamili ya takwimu. Mtu mwenye viza ya muda kama yangu, sheria ya shirikisho inamkataza kuwa na silaha au risasi, isipokuwa kwa vighairi vichache, kimojawapo kikiwa leseni ya uwindaji. Sina leseni hiyo wala sina mpango wa kuwinda. Mjomba ni raia wa hapa tangu 2006. Bastola zake hukaa ndani ya sefu ambayo namba zake sizijui, na tukienda kwenye mashindano ananikataza hata kuokota maganda ya risasi. "Kazi yako wewe ni karatasi na gundi," huniambia. "Ukirudishwa Morogoro kwa sababu yangu, dada yangu ataniua bila bastola."

Karatasi na gundi ndiyo kazi yangu kweli. Katika mchezo huu mshindani hasimami sehemu moja akalenga duara kwa utulivu. Anakimbia kutoka kituo hadi kituo, anachungulia pembeni mwa kuta za mbao, anapiga shabaha za kadibodi, risasi mbili kwa kila moja, huku saa inahesabu. Akimaliza na msimamizi akihakikisha bastola yake ni tupu, wengine tunaingia uwanjani na kuziba matundu kwa vipande vya karatasi yenye gundi ili anayefuata akute shabaha safi. Nimeziba matundu ya Mjomba kwa misimu miwili. Akiwa na haraka, yanashuka chini kushoto. Akiwa amechoka na safari, yanatawanyika. Siku akiwa vizuri, mawili yanakaribiana kiasi kwamba kipande kimoja cha karatasi kinatosha.

Mimi mwenyewe niliwahi kufyatua risasi, lakini si huku. Nilipomaliza kidato cha sita nilikwenda JKT kwa mujibu wa sheria, kama wenzangu. Wiki ya shabaha tulilala kifudifudi kwenye vumbi, afande akipita nyuma yetu na kurudia neno moja tu: kidole nje. Kidole kisiingie kwenye triga mpaka uambiwe. Mjomba naye alipita JKT, miaka ya themanini, kabla mpango huo haujasimamishwa mwaka 1994 na kurudishwa 2013. Siku ya kwanza aliponipeleka uwanjani, nilimsikia msimamizi, Mmarekani mwenye ndevu nyeupe, akimkemea kijana mmoja kuhusu kidole. Mimi na Mjomba tuliangaliana tukacheka. Afande ni yule yule.

Mjomba ana miaka 58. Alikuja mwaka 1998 baada ya kushinda bahati nasibu ya viza, akaanza kama wengi wanavyoanza, kwa kubeba boksi. Boksi za kweli, ghalani, zamu ya usiku. Sasa anaendesha lori la masafa marefu, siku kumi barabarani, siku tatu au nne nyumbani. Dereva mwenzake alimwalika kwenye shabaha mwaka 2016 na hajaacha. Hanywi pombe. Hana mtoto. Ana deki ya zamani ya kanda anayosikilizia Juwata na Mlimani Park, ana bustani ya mchicha nyuma ya nyumba, na ana shabaha.

Ananiita Mama, kwa sababu nimerithi jina la Bibi, mama yake. Basi siku moja ya mwezi wa pili, baada ya chakula, akaniambia: "Mama, wewe si ndiye msomi wa hesabu? Nitengenezee jedwali. Nimechoka kusoma na kusikiliza watu. Mafundi watatu. Niambie nimpe nani hela yangu."

*

Kabla ya hapo nilidhani bastola ni bastola. Nikaanza kusoma.

Bastola anazozipenda Mjomba ni wajukuu wa ile iliyobuniwa na John Browning na kupokewa na jeshi la Marekani mwaka 1911. Mwaka huo ndio ukawa jina lake. Watu bado wanaipenda kwa sababu ya triga. Katika bastola nyingi za kisasa triga huzunguka kwenye pini kama kitasa. Ya Browning hurudi nyuma moja kwa moja, kama droo. Fundi mzuri anaweza kuipunguza mpaka ikahitaji nguvu isiyofika kilo moja kuachia risasi, na mwendo wake ukawa mfupi hata usiuone kwa macho. Tatizo lake la zamani lilikuwa uchache wa risasi: saba au nane ndani ya magazini, zimepangwa mstari mmoja. Mwanzoni mwa miaka ya tisini, huku huku Texas, Virgil Tripp na Sandy Strayer walibuni fremu ya vipande viwili, juu chuma na chini mpini wa plastiki ngumu unaofungwa kwa skrubu, yenye nafasi ya magazini nene ambamo risasi hupangwa mistari miwili. Wakaiita 2011, kama utani wa karne. Kampuni iliyokua kutokana na kazi hiyo, STI, ilibadili jina kuwa Staccato mwaka 2020. Strayer aliondoka mapema na kuanzisha Infinity pamoja na bingwa wa mchezo huu, Michael Voigt. Baadaye wakaja wengine, Atlas kule Pennsylvania na mafundi binafsi wengi wenye karakana ndogo ambao majina yao hutajwa uwanjani kwa sauti ya chini, kama watu wanavyotajiana mganga.

Watatu wa Mjomba sitawataja kwa majina, maana mmoja wao tulikwaruzana naye kwa barua pepe na sitaki kumharibia kazi. Nitatumia majina aliyowapa Mjomba mwenyewe. Yeye aliwafikiria kama mafundi nguo.

Wa kwanza alimwita Kitabu. Ni kama yule fundi cherehani mwenye kitabu cha mitindo: unachagua kila kitu. Urefu wa mtutu, umbo la triga, michoro ya kwenye slaidi, rangi, uzito wa mpini. Orodha yake ina kurasa. Dola 7,900, na kungoja miezi kumi na minne.

Wa pili alimwita Dukani. Suti nzuri ya kununua imeshashonwa. Kampuni ina aina chache, inazitengeneza vizuri, kila moja inafanana na mwenzake, na ikiharibika wanajua cha kufanya. Dola 5,400, wiki tatu.

Wa tatu alimwita Mzee. Ni fundi mmoja mwenye miaka 71, karakana nyuma ya nyumba yake, msaidizi mmoja. Hana orodha. Unampigia simu, anakuuliza maswali, kisha anakwambia atakachokutengenezea. Dola 6,800, miezi tisa, kama afya inaruhusu.

Niliwauliza wote maswali yale yale. Hapo nilijifunza kwamba sehemu kubwa ya bei ni saa za mkono wa mtu. Slaidi inayoteleza juu ya fremu huachwa kwa makusudi ikiwa imebana mno, halafu fundi huisugua polepole kwa unga wa kusagia mpaka iteleze bila kucheza. Mtutu hununuliwa ukiwa mnene kuliko unavyotakiwa, kisha hupunguzwa kwa tupa, kidogo kidogo, mpaka ukijifunga mahali pake ujifunge pale pale kila mara. Ukipunguza mno, umeharibu mtutu, unaanza upya. Magazini nazo zina kazi yake. Midomo ya juu, inayoshika risasi, ikiachana kwa unene wa karatasi tu, risasi itapanda vibaya na bastola itakwama katikati ya mbio. Mzee aliniambia kwenye simu kwamba watu hulipa maelfu ya dola kwa bastola halafu wanalaumu fundi kwa kosa la magazini waliyoiangusha kwenye kokoto.

Nilimpenda Mzee. Niliandika hilo pembeni mwa daftari kisha nikalikata, kwa sababu halikuwa kigezo.

*

Sasa nieleze la pili, ambalo ni gumu zaidi ya la sheria.

Mjomba ndiye anayenilipia sehemu ya ada. Chuo kinanisamehe nusu kwa sababu nafundisha vipindi vya mazoezi vya wanafunzi wa shahada ya kwanza. Nusu nyingine inatoka kwenye lori. Hajawahi kunikumbusha. Kila mwanzo wa muhula napata ujumbe wa benki, na chini yake ujumbe wake: "Imeingia?"

Halafu kuna nyumba ya Bibi, Kihonda. Mjomba aliianza mwaka 2017. Msingi, kuta, na mwaka 2019 ikafika kwenye lenta. Ikaishia hapo. Miaka yote hii haina paa, imeota majani ndani, na watoto wa jirani wanachezea mpira sebuleni. Bibi bado anakaa chumba cha uani kwa Mama. Mtaani watu husema mtoto wake wa Marekani ameshindwa kupaua. Mama husikia, na akinipigia Jumapili hunirudishia mimi.

Wiki niliyokuwa naandaa jedwali, nilifanya kosa la kumtajia Mama ile bastola. Alinyamaza mpaka nikadhani mtandao umekatika.

"Dola ngapi?"

Nikamwambia.

"Ni shilingi ngapi hizo?"

Zaidi ya milioni kumi na saba. Kwa hela hiyo unapata mbao, bati na fundi, na chenji ya gypsum inabaki.

"Na wewe ndiye unayemchagulia," akasema. Halikuwa swali.

Usiku ule nilikaa na jedwali langu. Vigezo vilikuwa vinane: uhakika wa kutokwama, usahihi, triga, uzito na mizani, muda wa kungoja, upatikanaji wa vipuri, huduma baada ya kununua, bei. Kila kigezo nilikipa uzito, jumla yake mia moja. Mtu yeyote aliyesoma takwimu anajua kwamba kwenye jedwali la namna hii uamuzi haumo kwenye alama. Umo kwenye uzito, na uzito anaupanga aliyekaa mbele ya kompyuta.

Niliipa bei uzito wa arobaini.

Kisha nikaongeza mstari wa nne ambao Mjomba hakuuomba: bastola anayoitumia sasa, ya kiwandani, ambayo gharama yake ni sifuri kwa kuwa ipo. Mstari wa nne ukashinda kwa mbali.

Nilijiambia kwamba nina ushahidi, na ushahidi nilikuwa nao kweli. Nilikuwa nimemrekodi kwa simu mashindano kumi na moja. Kwenye video unasikia kila mlio, kwa hiyo unaweza kupima muda kati ya risasi na risasi. Chukua kituo kimoja cha mwezi wa kumi: shabaha kumi na mbili, risasi ishirini na nne. Mjomba alipata A kumi na saba, C tano, D moja, na moja alikosa kabisa. Katika daraja lake A ni alama tano, C ni tatu, D ni moja, na kukosa kunakatwa kumi. Jumla 91, kwa sekunde 25.3. Katika mchezo huu alama hugawanywa kwa muda, kwa hiyo alipata 3.60. Aliyeshinda alipata alama 116 kwa sekunde 16.1, yaani 7.20. Mjomba alikuwa nusu yake kamili.

Wamepishana sekunde tisa na ushee. Nikauliza: bastola inaweza kurudisha ngapi? Kitu ambacho triga nyepesi na bastola isiyorusha teke kali hukisaidia moja kwa moja ni muda kati ya risasi ya kwanza na ya pili kwenye shabaha ile ile. Kwa Mjomba ilikuwa wastani wa sekunde 0.26. Kwa mshindi 0.18. Tofauti ni 0.08, mara shabaha kumi na mbili, haifiki sekunde moja. Sekunde nyingine nane zote zilikuwa kwenye miguu: kuchelewa kutoka kituoni, kufika akiwa hajainua bastola, kusimama na kujipanga upya kabla ya kulenga. Tena, kama ile risasi aliyoikosa angeilenga vizuri ikawa A, hata kwa kupoteza sekunde nzima zaidi, angepata alama 106 kwa sekunde 26.3. Hiyo ni 4.03. Bure.

Na usahihi haukuwa hoja. Eneo la A lina upana wa sentimita 15 hivi na urefu wa 28, na shabaha nyingi huwekwa ndani ya mita ishirini. Hata bastola aliyonayo inapiga ndani ya kiganja kwa umbali huo. Bastola ya dola 6,800 ingempa kitu ambacho shabaha haikidai.

Kwa hiyo hesabu ilikuwa upande wangu. Lakini kama ningeiamini hesabu ile peke yake, nisingekuwa na haja ya kuipa bei arobaini. Niliipa arobaini kwa sababu ya bati la Bibi, na kwa sababu ya muhula wa vuli. Nilimwogopa mwaka ambao lori litaharibika na atalazimika kuchagua kati ya deni la bastola na ujumbe wa "Imeingia?" Hayo sikuyaandika popote kwenye jedwali.

*

Nilimwonyesha Jumamosi aliyorudi kutoka Oklahoma. Nilipika ugali na sato wa kugandishwa, tukala, akanawa mikono, akavaa miwani. Aliangalia jedwali kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Nikamwonyesha na zile sekunde. Akasikiliza zote, akauliza maswali mazuri. Alitaka kujua kama nimehesabu na muda wa kubadilisha magazini. Nilikuwa nimehesabu.

"Kwa hiyo tatizo ni miguu yangu," akasema.

"Kwa sehemu kubwa, Mjomba."

"Hilo hata mimi nalijua." Akacheka. Kisha akaweka kidole kwenye safu ya uzito. "Hii arobaini umeitoa wapi?"

Nikasema nimekadiria.

"Na kungoja umekupa tano. Mimi nina miaka 58, fundi ana 71, na wewe kungoja unakupa tano." Hakupandisha sauti. "Umeongea na Mama yako."

Sikujibu. Akavua miwani akaiweka mezani.

"Mama, mimi nimeendesha lori la mtu miaka kumi na nane. Kiti kimetobolewa na makalio ya watu wengine. Nyumba hii ya kupanga. Ghalani nilipewa glavu za saizi moja, wote tulipewa hizo hizo. Unauona huu?"

Akanyoosha mkono wa kulia. Niliujua ule mkono, nimeusalimia tangu nikiwa mtoto alipokuja likizo. Kidole cha kati hakikunji mpaka mwisho. Kilibanwa ghalani, 2001, kati ya mzigo na chuma cha rafu. Familia nzima inalijua hilo kama hadithi ya Mjomba na Marekani. Lakini sikuwahi kulifikiria kama jambo linalohusu bastola, wala kuuliza kwa nini mpini wa ile aliyonayo umezungushiwa utepe wa baiskeli upande mmoja, tabaka juu ya tabaka.

"Kidole hiki ndicho kinachobeba bastola," akasema. "Changu hakifungi. Kila nikipiga, inazunguka kidogo mkononi, narudi kuikamata upya. Unaniona nasimama kabla ya kulenga, si ndiyo? Hapo ndipo naikamata. Watatu wote niliwaeleza. Kitabu wakanitumia orodha ya mipini, nichague. Dukani wakasema, kwa adabu kabisa, kwamba mpini wao ni mmoja. Yule Mzee akaniambia nichore mkono wangu kwenye karatasi nimtumie."

Nilirudi kwenye video zile kumi na moja usiku ule. Ilikuwepo. Kila anapofika kituo kipya, kabla bastola haijapanda usawa wa macho, mkono wa kushoto unakuja kuusukuma wa kulia, kama mtu anayerekebisha mzigo begani. Nilikuwa nimeupima muda huo kwa uangalifu, vituo vyote, mpaka sehemu ya mia ya sekunde, nikauandika chini ya neno "miguu."

Sidai kwamba mpini utamrudishia sekunde nane. Labda mbili. Labda moja. Bado anatoka kituoni kwa kuchelewa, na bado ana miaka 58. Hata nikirudia jedwali kwa uzito wa haki, na kuongeza kigezo cha tisa kinachoitwa mkono, Mzee anamshinda Dukani kwa alama chache tu, na mtu mwenye akili anaweza kuchagua Dukani bila kukosea: wiki tatu, vipuri vinapatikana, na kampuni haifi kwa presha. Nilimwambia hivyo. Niliona nina deni la kumwambia hivyo. Akasema anajua.

"Na paa?" nikauliza. Nilijilazimisha.

Akakaa kimya. "Paa nitapaua," akasema. "Nilisema nitapaua. Lakini mama, kila kitu nilichonunua tangu 1998, nimenunua nikimfikiria mtu wa kukiona. Hata ile nyumba. Bibi yako haitaki, unalijua hilo? Aliniambia mwenyewe anapenda chumba cha uani, yuko karibu na watu. Nyumba ile naijengea mtaa." Kisha, kama anayejisahihisha: "Nitapaua lakini."

Sijui kama alikuwa anasema kweli kuhusu Bibi. Nimekusudia kumuuliza Bibi mwenyewe na kila nikipiga simu nashindwa kupata namna ya kuanza.

*

Asubuhi yake kabla hajaondoka alileta karatasi na penseli mezani. Mzee alikuwa ameeleza utaratibu: kiganja chini, vidole vimeachana kidogo, penseli isimame wima isije ikaingia chini ya mkono. Halafu mchoro wa pili, mkono umekunjwa kama umeshika kikombe, kuanzia ubavuni.

"Chora wewe," akasema. "Mimi sina mkono wa tatu."

Nikamchora. Kidole gumba, cha shahada, kile cha kati ambacho hata kikiwa kimenyooka kina pindo dogo kwenye kiungo cha kwanza. Mkono wake ni mzito, una joto, na ulikuwa unatetemeka kidogo sana. Nikafikiri ni mimi ninayetetemesha penseli, nikasimama, nikaona ni yeye. Hakusema kitu nami sikusema. Nilirudia mstari pale ulipopinda. Nikaandika vipimo kwa milimita, upana wa kiganja, urefu wa kila kidole, na mbele ya cha kati nikaandika mahali kinapogota, kama alivyoniambia. Akatia sahihi chini ya karatasi kama hati, jambo ambalo Mzee hakuliomba.

Kianzio kililipwa mwezi wa tatu, nusu ya bei. Mvua za masika zimeshapita Kihonda na nyumba bado iko kwenye lenta. Ada ya vuli iliingia tarehe ile ile ya siku zote, na ujumbe ule ule chini yake. Mzee alipiga simu mara moja, mwezi wa sita, akauliza kama pale kwenye mchoro wa pili mstari umerudiwa kwa makosa au mkono uko hivyo. Mjomba akanipa simu nimjibu. Nikamwambia mkono uko hivyo.

Mama aliniuliza wiki iliyopita kama Mjomba alinunua. Nikamwambia amelipa nusu. Aliguna, akasema angalau mimi nilijaribu kumzuia, na akaanza kuzungumzia bei ya bati. Nilimwacha aendelee. Hajui bado ni nani aliyechora ule mkono.